VITAMINI, WASIWASI NA MOYO WA MUUMINI



Ndugu yangu katika imani, hunijia watu baada ya Alasiri na malalamiko yaleyale: moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, hofu haina sababu. Wengine wameshaambiwa wana jini. Wengine wameambiwa imani yao ni ndogo. Siku hizi wapo wanaokuja na chupa mkononi: "Sheikh, vitamini hizi zinaondoa wasiwasi?"

Jibu langu ni hili: vitamini humfaa aliyepungukiwa na vitamini.

Chukua mfano wa B12. Mwili huihitaji kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Tunaipata kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Ikipungua, mtu huchoka, hufa ganzi mikono na miguu, husahau, na huweza kuingiwa na huzuni. Wenye kisukari, nisikilizeni: metformini ikitumiwa kwa miaka mingi huwapunguzia baadhi ya watu B12.

Mama mmoja wa mtaani kwetu aliletwa na wanawe asomewe ruqya. Nilimsomea, kisha nikamuuliza anatumia dawa gani. Metformini, mwaka wa tisa, na nyayo zina ganzi. Nikawaambia wanawe: "Kisomo amepata. Sasa mpelekeni akapimwe damu." B12 ikakutwa chini, akaanzishiwa sindano. Kisomo ni haki yake, na sindano ni haki yake. Aliyeteremsha maradhi ndiye aliyeteremsha dawa.

Lakini tusivuke mpaka. Kule Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2020 uliwafuatilia watu zaidi ya 18,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, kwa takriban miaka 5. Kundi moja lilipewa vitamini D kila siku, jingine kidonge kisicho na dawa. Vitamini hiyo haikuwakinga na sonona. Wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo. Tena B6 ikizidi kipimo kwa muda mrefu huidhuru mishipa ileile ya fahamu. Basi anayekwambia uache dawa za hospitali unywe chupa yake, mkimbie.

Dini yetu haikudharau chakula. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza wafiwa wapikiwe talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kwamba hutuliza moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Lizingatie neno hilo: baadhi. Sehemu iliyobaki ina milango yake: tabibu, dua, usingizi, na mtu wa kukusikiliza.

Kwa hiyo, ndugu yangu:

1. Pima kwanza, ndipo umeze.
2. Usiache dawa bila kumuuliza daktari wako.
3. Usimwambie mwenye sonona kuwa hana imani. Mtume wetu mwenyewe alikuwa akimwomba Allah amkinge na hamu na huzuni.
4. Ukiona nafsi inakuambia ujidhuru, mwambie mtu leo hii, na uende hospitali leo hii.

Allah awaponye wagonjwa wetu, wa miili na wa nyoyo. Aamin.

Mfikishie mwenzako, huenda yuko nyumbani peke yake na chupa yake.

Wabillahi tawfiq.