Tuta la Ng'ombe

Kazi yangu ya ubwana shamba imekuwa katika wilaya za Tarime na Serengeti, na mlima wa huku hauna theluji. Nyanda za juu za Tarime zinapita mita 1,500, basi; Kilimanjaro ina 5,895. Lakini bwana shamba hapimi mlima kwa kilele, anaupima kwa mteremko. Kahawa ya arabika, migomba na mahindi ya huku juu yamesimama kwenye udongo ambao mvua moja nzito ya masika huuzoa na kuushusha, kwa vijito kama Tigithe, hadi Mto Mara unaotutenga na Serengeti.

Kazi hiyo imenifikisha kwenye hoja moja: tulikosea kuyahubiri makinga maji kwa jina la udongo, wakati Mkurya, mkulima na mfugaji wa huku, angeyapokea upesi zaidi kwa jina la ng'ombe. Tazama kinga maji mojawapo, tuta la fanya juu, lilivyo. Unatafuta usawa kwa fito tatu zilizofungwa kama herufi A, uzi wenye jiwe ukining'inia katikati; unachimba mfereji, udongo unautupa upande wa juu, na juu ya tuta unapanda matete. Udongo unaoteremka hukwama nyuma ya tuta, na misimu ikipita mteremko huanza kuwa ngazi. Faida hiyo inachelewa. Matete hukatwa kulisha ng'ombe baada ya miezi michache tu, na kwa watu wanaotoa mahari ya ng'ombe, huku mashamba yakiyabana malisho, hesabu hiyo haihitaji semina.

Wapo wanaosema tuta linakula shamba, na mashamba ya huku ni madogo. Linakula kweli, ndiyo maana lisilolisha mtu wala mnyama husawazishwa kwa jembe. Wengine husema tope la Mto Mara linatoka Mau, Kenya. Mto unaanzia huko, sikatai, ila si Mau inayomfilisi mkulima wa Muriba, huku Tarime. Wa ofisini (hawakosekani) hupenda faini. Lakini shuruti ilishajaribiwa: wakoloni waliwalazimisha Waluguru wa milima ya Uluguru kuchimba matuta, na mwaka 1955 zikazuka ghasia.

Ng'ambo ya mto hoja yangu inalegea. Kwenye vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, mtama unaweza kuliwa na tembo usiku mmoja, na anayekesha shambani na tochi na debe la kupiga hana muda wa kusubiri tuta ligeuke ngazi.