Njia ya Bugarama na Harufu ya Kiyoyozi

Mtu atokaye Bujumbura asubuhi kwenda Gitega hupita katika hali mbili za hewa kabla hajawahi kuchoka. Chini, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipo meta zipatazo 774 juu ya usawa wa bahari, joto ni kama la pwani: shati hunata mgongoni, na vioo vya gari hufungwa ili kiyoyozi kifanye kazi yake. Kisha barabara huanza kupanda. Hupinda kushoto, hupinda kulia, migomba ikimfuata msafiri kila upande, na baada ya kilometa zipatazo 35 tu yuko Bugarama, zaidi ya meta 2,000 juu, ambako ukungu hulala barabarani na wauza mboga hujitanda vitenge viwili viwili. Kutoka hapo huteremka taratibu kupitia Muramvya hadi Gitega, kwenye meta zipatazo 1,500, ambako kiyoyozi ni kitu cha kusahauliwa.

Njia hiyo naijua kama mwalimu ajuavyo daftari la mahudhurio. Tangu mwaka 2019, Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa na Bujumbura ikabaki makao makuu ya kiuchumi, wengi wetu tulio watumishi wa serikali tumekuwa watu wa njiani: kazi huku, nyumba kule. Mimi hupanda Jumatatu alfajiri na kushuka Ijumaa jioni. Gari langu ni dogo, la Kijapani, lililokwisha kutumika, nalo liliingia nchini kwa kupitia bandari ya Dar es Salaam kama yalivyo mengi ya hapa kwetu. Usukani wake uko kulia, ingawa sisi huendesha kulia kwa barabara. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni harufu.

Harufu yenyewe ilianza baada ya mvua za mwaka 2024, wakati ziwa lilipopanda mwezi Aprili na maji yakaingia katika mitaa ya pwani pamoja na Gatumba. Gari langu halikuzama, lakini nililipitisha mara mbili katika maji yaliyofika kizingiti cha mlango, nikajiona dereva hodari. Wiki chache baadaye, kila nilipowasha kiyoyozi, pumzi ya kwanza iliyotoka katika matundu ya dashibodi ilikuwa kama ya nguo zilizosahauliwa siku tatu ndani ya beseni. Baada ya dakika mbili ilipungua. Nilipozima na kuwasha tena, ilirudi.

Sasa yanipasa kukiri jambo la aibu. Mama mkwe wangu hukaa Rumonge, mji wa mawese na samaki ulioko kwenye ufuko wa ziwa, zaidi ya kilometa 70 kusini mwa Bujumbura. Kila mwezi huja kwetu, kisha hupanda nami hadi Gitega kumwona binti yake mwingine, na kikapu chake hakikosi ndagala wakavu. Nani asiyejua harufu ya ndagala? Nami sikutafuta zaidi. Siku moja nikamwambia, kwa maneno niliyodhani ni ya adabu, "Mama, labda kikapu kitangulie kwa basi."

Akajibu, "Haya, mwanangu." Mwezi uliofuata kikapu kilipanda basi, na mwenye kikapu akapanda basi pia.

Kwetu mkwe hatamkiwi neno la namna ile, na mke wangu hakuhitaji kunikumbusha; alinyamaza tu, ukimya uliodumu wiki mbili. Lakini jambo lililonitia hofu ni kwamba ndagala walikuwa wamekwisha kuondoka, na harufu ilibaki. Nikanunua kichupa cha manukato cha kuning'inizwa kwenye kioo. Gari likanuka beseni lililopakwa manukato. Nikaenda kwenye karakana moja, wakaniambia gesi imekwisha, wakaniongezea gesi na kunitoza fedha za nusu mwezi. Hewa ilikuwa baridi zaidi, na harufu ilikuwa ile ile, imepoa.

Mwishowe nikaenda Buyenzi. Asiyeijua Bujumbura na afahamu kwamba Buyenzi ni miongoni mwa mitaa yake ya zamani, mtaa wa Waswahili, ambako lugha hii unayoisoma husikika tangu kibarazani hadi gereji, na gereji zenyewe ziko barabarani, nyundo zikijibizana tangu asubuhi. Fundi niliyeelekezwa kwake alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma, akinywa chai. Hakufungua boneti. Aliniuliza, "Mwalimu, Jumatatu unapopanda, kiyoyozi unakizimia wapi?"

Nikamwambia huzima karibu na nusu ya mlima, baridi inapoanza. Huzima kila kitu, feni pamoja.

"Na gari hulala wapi wiki nzima?"

Nikasema hulala chini ya mikaratusi, nyuma ya ofisi. Mzee akaweka kikombe chini.

Maelezo yake nitayaeleza kwa utaratibu, maana ndiyo niliyoyakosa kwa miezi mitano. Ndani ya dashibodi mna kifaa kama rejeta ndogo ambacho mafundi hukiita evaporeta. Gesi baridi hupita ndani yake, na feni husukuma hewa ipite juu yake. Hewa yenye mvuke inapogusa kitu baridi hutoa maji, kama nje ya chupa ya soda itokayo kwenye friji. Kwa hiyo kiyoyozi hakipozi tu, bali hukamua. Tena kukamua ndiko kulikotangulia: Willis Carrier, Mmarekani, alipobuni mtambo wake mwaka 1902 hakukusudia kumpoza mtu, bali kukausha hewa ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa ukiharibu kazi ya karatasi na rangi.

Maji hayo yaliyokamuliwa hutiririka kwenye sinia dogo chini ya evaporeta, kisha hutoka kwa mpira mwembamba na kudondoka chini ya gari. Hapo ndipo uone ubaya wa njia yetu. Nilikuwa nikikamua hewa nzito ya ziwa, kisha nikizima mashine ikiwa imelowa chapachapa na kuipeleka kwenye baridi, ikae gizani siku tano pasipo upepo. Vumbi limo, majani yamo, maji yamo. Ukungu na vijidudu havihitaji mwaliko mwingine, na harufu ile ni pumzi yao.

Mzee akawasha gari na kiyoyozi, tukangoja robo saa. Teksi iliyoegeshwa kando yetu ilikuwa imekwisha kufanya dimbwi dogo chini yake. Chini ya langu palikuwa pakavu. Basi akanyanyua zulia la upande wa abiria, akabonyeza sponji iliyo chini yake kwa kidole, maji yakajaa kucha. Maji ya mafuriko hayakukauka, na maji ya kiyoyozi, yaliyokosa njia ya kutokea, yalikuwa yakiongezwa humo kila wiki. Ni mahali mama mkwe wangu alipokuwa akiweka miguu yake.

Akaingia chini ya gari, akautafuta ule mpira na kuuchokoa kwa waya laini uliopindwa ncha usije ukatoboa kitu. Kwanza ikatoka tope nyeusi, kisha vipande vya majani ya mkaratusi, kisha maji kwa mkupuo, karibu nusu ndoo. Majani, alisema, huingia kwenye kile kidaka kilicho chini ya kioo cha mbele, ambako ndiko gari linakovutia hewa yake. Kidaka hicho husafishwa kwa mkono, bila gharama yoyote, na mimi katika umri wangu wote sikuwahi kukifungua. Kisha akafungua kisanduku kilicho mbele ya abiria na kuchomoa chujio la hewa nyuma yake. (Magari mengine ya zamani hayakuwekewa chujio, mwenye gari na atazame.) Langu lilikuwa na rangi ya jivu na uzito wa mkate uliolowa. Nilikuwa nimekwisha kumsimulia habari ya kikapu. Mzee akalileta puani, akanusa pasipo haraka, akaniambia, "Samaki hayumo."

Kazi iliyobaki ilichukua siku tatu kwa sababu ya jua, si kwa sababu ya ufundi. Mazulia na sponji vilitolewa vyote na kuanikwa, maana kukausha juu juu huku sponji imelowa ni kujidanganya. Evaporeta ilisafishwa kwa povu maalumu linalouzwa katika makopo, lililopulizwa injini ikiwa imezimwa, likaachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, likatoka pamoja na uchafu kwa njia ya ule mpira. Nikamwuliza kama dawa ya kufulia nguo nyeupe isingefaa, kwa kuwa ni rahisi. Alikataa kata kata: hula alumini ya evaporeta, na mvuke wake si wa kupumuliwa ndani ya gari. Chujio jipya likatiwa mwisho, baada ya kila kitu kukauka. Kulitia mapema ni kulipa harufu ya zamani nyumba mpya.

Mzee hakuniachia hapo. Alinitaka nibadili namna ya kupanda mlima. Siku hizi, kilometa tatu au nne kabla ya mahali nilipozoea kuzima, huzima kiyoyozi peke yake na kuiacha feni ikivuma kwa nguvu, ili hewa ikaushe evaporeta wakati ningali safarini. Ijumaa nikikaribia nyumbani hufanya vivyo hivyo. Kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake, ambacho hufungia hewa ile ile humo humo, nilikuwa nimekiacha kimebonyezwa tangu siku niliponunua gari. Sasa hukitumia kwa muda mfupi tu, ninapokuwa nyuma ya lori litoalo moshi, kisha hukifungua. Na huko Bugarama, ukungu unapofunika kioo kwa ndani, kiyoyozi huwashwa hata kama ni baridi, kwa kuwa hewa iliyokaushwa husafisha kioo haraka kuliko kitambaa.

Ndugu msomaji, zipo harufu nyingine ambazo hazingoji jua la siku tatu. Harufu tamu kama ya sukari, ikiandamana na utando wa mafuta kwenye kioo, aghalabu ni maji ya rejeta yanayovuja katika kipasha joto cha ndani. Gari lipelekwe kwa fundi kabla injini haijachemka. Harufu ya petroli au ya moshi wa bomba ni ya kusimama pale pale, kufungua vioo na kushuka, kwa sababu ndani ya moshi ule mna gesi isiyonuka ambayo huua watu usingizini. Tena kwenye mteremko wetu wa kurudi Bujumbura iko harufu ya kuungua inayoingia kwa matundu yale yale ya hewa. Mara nyingi ni breki za lori lililo mbele, lakini huenda zikawa zako. Weka gia ndogo na uiachie injini ikushikilie, usikanyage breki kilometa 30 mfululizo. Wale vijana wa baiskeli waliobeba ndizi na makaa hushuka pale kwa kasi ya kutisha, na dereva asiye na breki hana haki ya kukutana nao.

Gari lilipokwisha kukauka nilikwenda Rumonge siku ya Jumamosi, na mke wangu, na kilo mbili za sukari, na vitenge. Nilimweleza mama mkwe wangu habari za mpira, tope na majani, kama mtu anayetoa ushahidi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali ya sponji, kwa kirefu kuliko nilivyotarajia, maana alikumbuka kwamba viatu vyake vilikuwa vikilowa naye akaona haya kusema. Kuhusu kikapu hakusema kitu.

Jumatatu ile alipanda nami. Kikapu alikipakata, nami nikamwomba kiwekwe nyuma, palipo na nafasi. Akakubali baada ya kukitazama kidogo. Tulipofika Bugarama ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani na kioo kikaanza kupofuka. Nikawasha kiyoyozi. Niliona amenyamaza, pua imeinuka, nami nikashika usukani kwa mikono miwili.

"Nanusa vitunguu vya majani," akasema. "Simama, tununue."