Kaburi Tupu la Kochi

Kwetu Namakwekwe, hapa Mbale, Uganda, ukiambiwa fulani amepelekwa India huulizi amekwenda kufanya nini. Unauliza michango imefika wapi. Ndivyo nilivyofika Kochi, bandari ya zamani katika jimbo la Kerala, kusini mwa India. Sikwenda kutalii, nilimsindikiza shangazi aliyekuwa akitibiwa moyo. Uwanja wa ndege walitukagua vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, tukapanga chumba karibu na hospitali, na kuanzia hapo kazi yangu ikawa kungoja. Saa ambazo wauguzi hawakunitaka wodini, nilipanda kivuko upande wa Ernakulam nikavuka hadi Fort Kochi.

Ugeni ulinitoka upesi. Mafenesi yananing'inia kila ua, mihogo inaliwa na mchuzi wa samaki, ndizi zinakaangwa barabarani. Shangazi alipoanza kula tena aliomba muhogo, na muuguzi wala hakushangaa.

Inasemekana bandari hiyo ilizaliwa na mafuriko. Mwaka 1341 mto Periyar ulifurika, bandari ya kale ya Muziris, iliyouza pilipili manga hadi Roma, ikajaa mchanga, na njia ya bahari ikafunguka Kochi. Mtu wa Mbale hawezi kusikiliza habari hiyo kama hadithi tu. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilitufurikia usiku, ikaua watu na kubomoa nyumba, na mpaka leo sijaona ilichotufungulia. Wanaosema kila janga lina neema yake huwa nawasikiliza kwa shaka. Kochi iliipata neema hiyo, Muziris ilifukiwa.

Karibu na ufukwe kuna kanisa la Mtakatifu Fransisko, na ndani yake jiwe la kaburi la Vasco da Gama, baharia Mreno. Huyu tulimsoma shuleni sote, Waganda kwa Wakenya. Mwaka 1498 alikosana na watu wa Mombasa, akaenda Malindi, na mfalme wa Malindi akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Alifia Kochi mkesha wa Krismasi mwaka 1524, akazikwa hapo, na mwaka 1539 mabaki yake yakachukuliwa kwenda Ureno. Kwa hiyo kaburi ni tupu, nalo ndilo watalii wanalipiga picha kuliko kitu kingine chochote kanisani. Nilisimama pale nikamkumbuka zaidi kwa meli ya mahujaji aliyoichoma mwaka 1502 pamoja na waliokuwamo. Mwaka 1663 Wareno waliondolewa na Waholanzi, mwaka 1795 Waholanzi wakawapisha Waingereza, nao Waingereza wakaja wakaondoka. Leo kanisa liko mikononi mwa Wakristo wa huko huko, na Jumapili wanasali humo. Jiwe wameliacha mahali pake. Mimi ningelitupa nje zamani, na pengine ndiyo sababu sikukabidhiwa kanisa.

Lakini mahali nilipokaa muda mrefu ni Mattancherry, kwenye sinagogi la Paradesi lililojengwa mwaka 1568. Liko ubavuni mwa jumba la mfalme wa Kochi, Mhindu aliyewapa Wayahudi ardhi jirani kabisa na hekalu lake mwenyewe. Unavua viatu mlangoni. Sakafu ni vigae vya China, vyeupe na bluu, vilivyochorwa kwa mkono, na juu zimening'inia taa za vioo. Watu ndio hawapo. Sala ya jumuiya kwa kawaida yao ya zamani hutaka wanaume kumi. Baada ya Israel kuundwa mwaka 1948 familia zilianza kuhama moja baada ya nyingine, na sasa hesabu ya kumi haitimii bila wageni. Mtaa bado unaitwa Jew Town, ingawa wauzaji wengi wa shali na vitu vya kale ni Waislamu kutoka Kashmir.

Ningeondoka na huzuni ya kitalii tu kama nisingekuwa nimesoma habari za Abraham Barak Salem, wakili aliyefariki mwaka 1967. Alitoka kwenye ukoo wa watumwa walioachwa huru, na watu wa asili yake walikuwa wakibaguliwa humo humo sinagogini, hata mahali pa kuketi. Aliupinga ubaguzi huo kwa njia za Gandhi, kwa kugoma bila fujo, na vizuizi vikalegea kidogo kidogo. Nikaitazama ile sakafu nzuri upya. Jumuiya iliyochagua nani aketi wapi iliishia kumhitaji kila mtu ili itimize kumi.

Nilimwambia dereva wa bajaji kwamba kwetu tuna Wayahudi pia. Alicheka, akadhani namtania. Lakini kutoka Namakwekwe hadi kilima cha Nabugoye ni safari fupi ya bodaboda, na huko wako Abayudaya. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza na kuuanzisha mji wa Mbale, alikosana nao, akaisoma Biblia kwa namna yake, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Hakuna meli iliyowaleta watu hawa, wala babu aliyetoka ng'ambo. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao na wakabaki mia chache; leo ni kama elfu mbili, na sinagogi kubwa la Nabugoye lilifunguliwa mwaka 2016. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel imekataa kuwatambua kwa ajili ya kuhamia huko. Jumamosi sinagogi linajaa na watoto wao wanapiga kelele kama watoto wa kanisa lolote. Kumi kwao si hesabu ya kuumiza kichwa.

Kuhama kwa wale wengine ndiko kulikonikalia rohoni Kochi, nako kunanirudisha kwenye jambo ambalo Mbale hatulizungumzi. Wayahudi wa Kochi walifungasha wenyewe, wakaagana na majirani, wakaacha funguo kwa watu wanaowajua. Wahindi wa Mbale, kama wenzao wa Jinja, walipewa na Amin siku 90 za kuondoka nchini mwezi Agosti mwaka 1972. Nyumba zao tuliziingia zikiwa na sufuria jikoni. Baadhi walirudi miaka ya tisini kudai mali, wengi hawakurudi. Majina yao na miaka ya ujenzi bado yanaonekana juu ya maduka, kwenye saruji, kwa anayeinua macho.

Kwenye duka moja ninalonunulia sukari, mwenye duka alikuwa amepanda ngazi akipaka rangi ya kampuni ya simu juu ya jina la aliyelijenga. Nikamwambia, mzee, liache hilo jina, halikudhuru. Akaniuliza kama ninamlipia kodi ya jengo. Nikasema hapana. Akaendelea kupaka, kisha akateremka kunipimia sukari, akitaka kujua shangazi anaendeleaje.