Miaka Yetu ya Kibandani

Ukiniuliza ukalimani una harufu gani, nitakujibu bila kufikiri: kahawa iliyopoa, zulia lenye vumbi, na sifongo la hedifoni lililokwisha kupita masikio ya watu wengi. Vibanda vyetu pale AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano cha Arusha, vilikuwa nyuma ya ukumbi, vina kioo mbele, na mjumbe akigeuka alituona tu midomo ikicheza. Ndiyo maana wengi waliamini tunasoma. Wakati wa chai, mzee mmoja wa heshima zake alinishika mkono akaniomba nimpe ile karatasi ya hotuba niliyokuwa nikiisoma. Nikamwambia, mzee wangu, hakuna karatasi, ninasikia na kusema papo hapo. Alitabasamu kwa upole, kisha nikamwona amekwenda kumwomba mwenzangu.

Huyo mwenzangu, dada mmoja mzaliwa wa Kigoma, nilifanya naye kazi miaka mingi. Tulipokezana kila baada ya nusu saa hivi, maana ukizidisha hapo akili inaanza kuchelewa na wewe mwenyewe huna habari. Mhasibu wa mkutano mmoja alitujia juu: kwa nini alipe watu wawili na kila akichungulia anamkuta mmoja kanyamaza? Laiti angeingia ndani akaona. Aliyenyamaza ndiye anayeandika tarakimu, majina ya watu, vifungu vya mkataba, na kumsogezea anayesema. Dada yule alikuwa na mwandiko mkubwa, wa mviringo. Mjumbe akimwaga mamilioni na asilimia zake kwa kasi, mimi nilitupa jicho tu kwenye daftari lake. Na tangawizi mbichi alikuwa nayo daima kwenye mkoba, kwa ajili ya koo. Kibanda kizima kilinukia tangawizi.

Halafu ikaja miaka ya mazungumzo ya amani ya Burundi. Yalianza 1998, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, na alipofariki Oktoba 1999 Mzee Mandela akayapokea, hadi mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mji ulijaa Kifaransa, kuanzia mahotelini hadi kwa wauza vinyago karibu na Mnara wa Saa. Mtaani watu walituona sisi wakalimani kuwa hazina ya siri. Kinyozi wangu wa Kaloleni alikataa hela yangu mara kadhaa, akitumaini nitalipa kwa habari. “Kaka, leo wamesemaje huko ndani?” Nikamwambia anunue gazeti. Alinikatia kisogo vibaya wiki hiyo, lakini tulibaki marafiki. Mkalimani anayetoa nje ya ukumbi maneno aliyoyasikia ndani hana kazi tena, na hastahili kuwa nayo.

Katika majengo hayohayo ya AICC ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994. Mimi sikufanya kazi mle, ila wenzangu tuliokunywa nao chai walikuwa mle. Shahidi alisema kwa Kinyarwanda, mkalimani akayaweka maneno yake kwa Kifaransa, na kibanda cha Kiingereza kikapokea kutoka kwenye hicho Kifaransa. Sasa fikiria, ndugu yangu, mkalimani hasemi “shahidi anadai alijificha”. Anasema “mimi nilijificha.” Asubuhi yeye ni mjane, mchana ni mshitakiwa anayekana kila kitu, na wote wawili anawasemea kwa “mimi”. Watu hudhani maneno yanapita kwetu kama maji bombani. Nilimjua mmoja ambaye baada ya kikao aliliacha basi la wafanyakazi akatembea kwa miguu hadi Sakina, ili tu asilazimike kuongea na mtu yeyote. Sijaona malipo yanayolingana na matembezi yale.

Wafasiri, watu wa maandishi, walikuwa na dhiki yao nyingine. Nakumbuka mlio wa taipureta, karatasi za kaboni zikichafua vidole, na ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 iliyofungwa jalada kwa gundi mara kwa mara. Ijumaa jioni mtu analeta ripoti nene, anaitaka Jumatatu. “Si umeandikiwa kila kitu? Wewe unageuza tu.” Mwalimu alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare akaichapisha 1963, na bado akairudia, toleo lililosahihishwa likatoka 1969. Kama Rais wa nchi aliona kazi yake inahitaji kurudiwa, wa kuninyima mimi wiki moja ni nani?

Vibanda vingi vimenyamaza. Mahakama ile ilifunga milango mwishoni mwa 2015. Mikutano imehamia kwenye kompyuta, na mashine zinatafsiri barua kabla chai haijapoa. Sishangai, dunia ndivyo inavyokwenda, ingawa moyo unauma. Kiswahili chenyewe, hata hivyo, kimepanda. Mwaka 2004 Rais Chissano wa Msumbiji alihutubia wakuu wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili na ukumbi ukahangaika kutafuta wa kuwakalimania. Tulicheka kwa furaha siku hiyo. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, nayo ikakipokea kuwa lugha yake rasmi.

Mpwa wangu anafanya kazi hii sasa, akiwa chumbani kwake Dar es Salaam, mwenzake yuko Nairobi. Nilimwuliza nani anamwandikia tarakimu. Akanionyesha simu: mwenzake anazituma kwa ujumbe. Na zinafika kwa wakati? Zinafika, mjomba. Nikauliza kama wamewahi kuonana ana kwa ana. Bado. Basi nimewaalika wote wawili Arusha mwezi ujao, na yule dada wa Kigoma ameahidi kuja na tangawizi.