Noonkopir, mji wa wanawake waliokuja peke yao

Ukiwa Nairobi na unataka kwenda Noonkopir, usihangaike kutafuta gari lililoandikwa jina hilo. Panda matatu ya Kitengela. Itashika barabara ya Mombasa, ipite Mlolongo na malori yake, na ikifika Athi River itakata kulia kufuata njia ya Namanga. Ukishaviacha nyuma viwanda vya saruji, mji unaanza. Safari yote ni kama kilomita 30. Hapo ndipo Noonkopir, jina ambalo wakazi wa zamani hawajaliacha na ambalo limebakia kwa mtaa na kituo cha kale cha biashara, ingawa makondakta wamechagua Kitengela.

Jina lenyewe ni la Kimaasai. Unyoya wa ndege ni enkopiro, na Noonkopir ni mahali pa manyoya. Manyoya hayo huyaoni tena. Utaona ghorofa zinazoota kila mwezi, tuktuk, mikokoteni ya maji, na udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka na masika hung'ang'ania viatu mpaka ukabeba nusu ya njia mguuni. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta watu zaidi ya 58,000 mjini Kitengela. Ile ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya 154,000. Kwa hakika, ni miji michache nchini iliyofura kwa kasi hiyo.

Bila shaka utauliza: basi mtu aende huko kutazama nini? Wengi hupita tu wakielekea Namanga na Arusha, au husimama kula nyama choma Jumapili kisha wakageuza gari. Mimi nakuomba ushuke, uingie sokoni, na uwatazame kina mama. Katika mji huu kuna jambo ambalo sisi wa mijini tunalisema sana na kulitenda kidogo, nalo ni urafiki wa wanawake wa kufa kuzikana.

Wageni wawili

Ili uuelewe urafiki huo, kumbuka kwanza kwamba karibu kila mwanamke wa Noonkopir alifika hapa akiwa mgeni.

Anza na Mmaasai mwenyewe, ambaye wengi humdhani ndiye mwenyeji asiye na haja ya kutafuta marafiki. Uwanda huu ni wa Wamaasai wa Kaputiei. Mwanamume wa Kimaasai ana rika lake, lenye jina na sherehe zake, na wenzake wa rika humfuata mpaka uzeeni. Mwanamke hana mpango wa namna hiyo. Akiolewa huondoka kwao na kuingia katika boma la watu asiowajua, mbali na mama yake na wasichana aliokua nao. Hapo hutakiwa ajenge nyumba kwa mikono yake, kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe. Je, ataijenga na nani?

Ataijenga na wanawake aliowakuta. Wao ndio watakaomwonyesha maji yalipo na kuni zilipo. Atakapojifungua, wao ndio watakaomtekea maji na kumtunza, na kondoo atakayechinjwa kwa ajili ya mzazi huyo ni karamu yao wanawake. Jioni, wakiketi pamoja kutunga shanga, ndipo habari zote za boma hupitia. Mtu anayepita hudhani kuwa wanapiga porojo tu. La hasha! Hapo ndipo hujulikana nani mtoto wake ana homa, nani hana unga, na nani jana usiku alilia.

Wamaasai wana neno la uhusiano kama huo: osotua. Maana yake ya asili ni kitovu, ule uzi unaomfunga mtoto na mama yake kabla hajazaliwa. Waliotafsiri Biblia kwa Kimaasai hawakupata neno zito kuliko hilo, na Agano Jipya likaitwa Osotua Ng'ejuk. Lee Cronk, mtaalamu wa Kimarekani aliyekaa na Wamukogodo wa Laikipia, ameeleza kanuni za osotua. Unamwomba mwenzako pale tu unapokuwa na haja ya kweli, na unaomba kiasi cha haja hiyo. Mwenzako akiwa nacho hutoa. Kisha hakuna anayeandika deni. Hata majina hubadilika, kwani waliopeana ng'ombe huweza kuitana "pakiteng'" na waliopeana kondoo "paker", na kila wanapoitana wanakumbuka kilichowaunganisha.

Mgeni wa pili ni yule msichana aliyeshuka basi kutoka Machakos, Kisii, Murang'a au Siaya akiwa na begi moja. Alivutwa na viwanda vya EPZ vya Athi River, vilivyowezeshwa na sheria ya mwaka 1990, ambavyo vilipata nguvu mpya baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwaka 2000 na kufungua soko lake kwa nguo za Afrika. Kiwanda kiko upande wa Machakos, lakini chumba cha kupanga cha bei nafuu kilikuwa upande wa Kajiado. Basi wafanyakazi wengi, na wengi wao wanawake, wakawa wanashona Athi River na kulala Noonkopir.

Maisha hayo hayakuwa mteremko. Mwezi Januari mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wa EPZ waligoma wakilalamikia mishahara na mazingira ya kazi. Mtu aliyefutwa kazi alikuwa amebakiwa na nini? Chumba kimoja, kodi inayokaribia, na jirani. Katika ploti hizi milango hutazamana, bomba ni moja na kamba ya kuanikia nguo ni moja. Aliye zamu ya usiku humwachia mtoto aliye zamu ya mchana. Wanaitana kwa majina ya vifungua mimba wao, na mtoto hunywa uji pale uji ulipoiva.

Daftari lililofungwa

Kila mmoja alikuja na mila ya kwao. Mkamba alileta mwethya, Mkikuyu akaleta ngwatio, Mluo akaleta saga, zote zikiwa njia za kulimiana na kujengeana kwa zamu. Noonkopir hakuna shamba la kulima pamoja. Zamu hizo zikageuka kuwa chama. Kina mama kumi au ishirini huchanga kila juma, na fungu huzunguka kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Mmoja atanunua sufuria na blanketi, mwingine atalipa karo, wa tatu ataweka jiwe la msingi kwenye kiploti chake. Serikali yenyewe iliutambua uaminifu huo. Hazina ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 2007, vikundi vya kina mama viliweza kukopa kwa dhamana ya wanachama wenyewe. Kwa maneno mengine, urafiki ulikubaliwa mahali pa hati ya shamba.

Lakini usije ukadhani chama na urafiki ni kitu kimoja. Chama kina daftari, na lazima liwepo, kwa sababu fedha bila maandishi ni mbegu ya ugomvi. Sote tumesikia habari za mweka hazina aliyehama usiku. Nilitaka kujua daftari linaishia wapi na urafiki unaanzia wapi, nikaenda kukaa sokoni asubuhi moja juu ya kreti ya soda, kati ya mama wa Kimaasai anayeleta maziwa kutoka upande wa Isinya na mwenzake mdogo kwake kidogo, Mkamba, anayeuza sukuma wiki na nyanya. Mdogo humwita mkubwa "Yeyo", yaani mama.

Nikaona Yeyo akimimina maziwa katika chupa ya mwenzake bila kupokea chochote. Nikamwuliza mwenye sukuma wiki anadaiwa kiasi gani mpaka sasa.

"Na nani?" akaniuliza.

"Na huyu mama."

Wakatazamana, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kisha Yeyo akanijibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto: "Mwanangu, ya chama tunaandika. Mimi nilipolazwa, huyu aliuza maziwa yangu majuma matatu, na pesa zote akaniletea kitandani. Hiyo ungeiandika wapi?"

Msomaji, hapo ndipo nilipoelewa. Kina mama hawa wanazo njia mbili na hawazichanganyi. Siku za kawaida daftari liko wazi na kila shilingi inasomwa. Siku ya msiba, ugonjwa au uzazi, daftari hufungwa na mtu hutoa alicho nacho. Huo ndio osotua wenyewe, ila sasa unazungumzwa kwa Kiswahili, na kati ya watu wasio wa kabila moja.

Ardhi inapoondoka

Kuna jambo jingine linalowafanya wanawake wa hapa washikane, nalo ni ardhi. Zamani uwanda huu ulikuwa wazi. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, iliachwa bila ua upande wa kusini ili pundamilia na nyumbu washuke hadi Kaputiei wakati wa mvua. Sheria ya mwaka 1968 iliwaandikisha Wamaasai katika ranchi za pamoja, na kutoka miaka ya 1980 ranchi hizo zikaanza kugawanywa. Hati zikaandikwa kwa majina ya wanaume, na ekari zikaanza kuuzwa. Mama mmoja mzee aliniambia kuwa alijua shamba limeuzwa siku alipoona watu wageni wakichimba mashimo ya nguzo.

Siku hizi sheria imebadilika. Sheria za ardhi za mwaka 2012 zinataka mume au mke aridhie kabla ardhi ya familia haijauzwa au kuwekwa rehani. Hata hivyo, sheria iliyoko Nairobi haimfikii mama aliye peke yake bomani. Humfikia kupitia kwa rafiki. Yule aliyesikia sokoni kwamba kuna mnunuzi, yule anayejua kusoma barua, yule atakayefuatana naye hadi ofisini ili asitishike mbele ya meza: hao ndio sheria yake.

Na ukumbuke pia mwaka 2013. Eneo bunge la Kajiado Mashariki, ambamo Kitengela imo, lilimchagua Peris Tobiko, akawa mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa na wananchi kuingia Bunge la Kenya. Baadhi ya wazee walikuwa wamempinga hadharani hata kwa vitisho vya laana. Kura ni siri, lakini mwanamke aliyetishiwa laana alishinda, na mwaka 2017 akachaguliwa tena.

Tunalojifunza

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakaona kuwa wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa kiasi cha asilimia 50, kuliko wapweke. Kina mama wa Noonkopir hawakusubiri takwimu hizo.

Sisi tunaokaa kwenye fleti zenye milango ya chuma tunajivunia marafiki wengi. Tuna kundi la simu la wenzetu wa shule na la wenzetu wa kazini. Tunapongezana siku za kuzaliwa, na picha za harusi tunazo. Lakini ni nani kati yao unayeweza kumgongea saa nane za usiku bila kujieleza? Na wewe mwanafunzi uliyekuja mjini juzi, unayemlilia rafiki wa utotoni uliyemwacha nyumbani, tazama wanawake hawa. Hawakuzaliwa pamoja wala hawakusoma pamoja. Mmoja alifika hana kitu, mwingine akamkaribisha, na kuanzia hapo wakafungwa kitovu kimoja.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mara nyingi tunaisoma methali hiyo kama kipimo cha kuwapima wengine. Noonkopir wanaisoma kinyume. Hawaulizi nani alinifaa, wanauliza ni nani leo ana dhiki na mlango wake uko wapi.

Basi Jumapili moja chukua watoto, mpande matatu, mshuke Kitengela. Nunua sukuma wiki na maziwa sokoni, na usiwe na haraka ya kuondoka. Ukirudi nyumbani, kabla hujafungua mlango wako, gonga kwanza ule unaotazamana nao.