Kati ya Minara Miwili

Simu ilikatika tukiteremka kuelekea daraja la Nithi, kwenye sentensi niliyoifanyia mazoezi tangu stendi ya Meru. "Mama, kuna kitu sijakuambia. Chuo niliacha." Nikasikia kimya. Kutazama skrini, simu imeshakufa. Sikujua neno gani limemfikia.

Kama unaijua barabara ya Meru kwenda Embu, unajua shida yake. Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes: matatu inapanda mgongo wa kilima, inashuka kwa mto unaotoka Mlima Kenya, inapanda tena. Juu mnara unakuona. Ukishuka, kilima kinasimama katikati yenu.

Kinachoniudhi ni kwamba naelewa. Nilisomea uhandisi wa mawasiliano hadi mwaka wa pili, na somo nililolipenda ni makabidhiano, yaani jinsi mnara mmoja unavyoupa mwingine simu yako bila wewe kushtuka. Ukiwa safarini, simu inapima nguvu ya minara jirani na kuripoti, kisha mtandao unaamua. Mnara mpya ukizidi wa zamani kidogo tu, haitoshi. Lazima uuzidi kwa kiasi fulani na kwa muda fulani, la sivyo utarushwa huku na huku kama mpira. Amos Joel wa Bell Labs, Marekani, alipewa hataza ya mfumo wa kazi hii mwaka 1972.

Lakini kitu kilichonikaa akilini ni hiki: mtandao unaweza kutenga nafasi kwa walio njiani. Mnara ukikaribia kujaa, anayetaka kuanza kupiga anangoja, ili aliye katikati ya maongezi apokewe. Kukatwa ukiongea kunauma kuliko kukosa kuanza.

Mimi karo iliponilemea, kila ofisi ilinituma ofisi nyingine. Nafasi ya aliye njiani haikuwepo. Nikaondoka kabla mnara wowote haujanipokea.

Hiyo ni sehemu moja. Nyingine ni yangu: kwa miezi minne nilikaa Embu nikiandikia watu makala mtandaoni, huku Mama akinitumia pesa ya matumizi kutoka kwa majani chai yake, akidhani niko darasani. Hapo sina wa kulaumu.

Chuka mtandao ulirudi. Sikupiga. Tukavuka Thuchi, bado nasingizia mtandao. Runyenjes alama zote zilikuwa zimejaa, na uongo ulikuwa umeniishia.

"Mama, simu ilikatika."

"Nilisikia ulichosema," akajibu. "Nilikuwa nangoja umalize mabonde."

Nikanyamaza. Yeye pia. Makanga alikuwa akidai nauli nyuma.

"Sasa niambie," akasema, "pesa yangu ya mwezi huu umeifanyia nini?"

Nikaanza kumweleza, moja baada ya nyingine. Hadi tunaingia Embu, simu haikukatika.