Radiatere Safi, Safari Njema

Kamina yetu ni mji wa reli. Njia ya kutoka Bukama hata Ilebo, iliyoitwa siku zile Port-Francqui, ilimalizika mwaka 1928, na tangu hapo wazee wetu waliizoea mashini yenye kula moto na kunywa maji. Gari la moshi la zamani lilitaka maji yachemke, kwa kuwa mvuke ndio uliokuwa nguvu yake. Motokari ni kinyume chake. Nayo ina maji tumboni, lakini siku maji hayo yanapochemka, safari imekwisha. Watu wengi hawaishiki tofauti hii, nao huilipia kwa fedha nyingi, na pengine kwa jambo kubwa kuliko fedha.

Katika seminari tulifundishwa Kilatini, na kwa Kilatini radius ni mwali wa nuru. Ndiko lilikotoka jina la radiatere, ambayo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huiita rejeta. Lakini jina hilo ladanganya kidogo. Chombo hiki hakipoi hasa kwa kutoa miali. Sehemu kubwa ya joto lake huchukuliwa na upepo unaopita katikati yake. Tulishike neno hili, maana ndilo shina la habari yetu: radiatere haitaki maji tu, yataka na pumzi.

Tuitazame kazi yenyewe. Mafuta yakiwaka ndani ya silinda, moto wake hupita digrii 2,000, na hakuna chuma cha injini kiwezacho kuuvumilia bila msaada. Kwa makadirio, theluthi ya nguvu ya mafuta husukuma motokari, theluthi hutoka na moshi, na theluthi yabaki kuondolewa na maji. Basi pampu huyazungusha maji kando ya silinda, kisha huyapeleka katika vijibomba vyembamba vya radiatere, vilivyozungukwa na vipande vyembamba vya bati kama mapezi ya samaki. Upepo hupita, maji hupoa, nayo hurudi kazini. Katikati ya njia kuna termostati, yaani kilango kidogo kinachokaa kimefungwa mpaka maji yafikie digrii 80 au 90 hivi, ndipo kinafunguka.

Pwani, maji huchemka kwa digrii 100. Hapa Kamina, mahali palipo juu ya bahari kwa mita 1,100 hivi, huchemka kwa digrii 96 tu. Kwa sababu hiyo kifuniko cha radiatere kimetengenezwa kibane sana, ili maji yasichemke mpaka yapite digrii 110, hata kufikia 120. Kifuniko kilicholegea ni hasara. Na mwenye kukifungua injini ingali na moto ajionye mwenyewe: maji yaliyobanwa yatageuka mvuke mara moja na kumrukia usoni.

Sasa, ni kitu gani kinachoinyima radiatere pumzi katika nchi yetu? Wakati wa mvua majani huota katikati ya njia, yakawa marefu kama mtoto, na motokari huyapukutisha mbegu kwa pua yake. Kumbikumbi wakiruka jioni, hufa kwa mamia juu ya mapezi yale. Kiangazi huja vumbi, na majivu ya nyasi zilizochomwa. Na kama kuna mafuta yanayovuja, vyote hivyo hugandamana kama udongo wa ukuta. Mtu akitazama kwa mbele huona kumetakata. Uchafu umejificha ndani.

Tulijifunza hayo katika njia ya Kabongo, mwezi wa Aprili mmoja. Tulikuwa tukirudi Kamina katika gari la parokia, na nyuma yetu amelala mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu siku mbili. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Shofere wetu, mtu mzima asiye na maneno mengi, akasimamisha gari na kuzima injini. Mume wa yule mama akamsihi:

"Baba, zimebaki kilometa ishirini tu. Twende hivyo hivyo!"

"Ndugu yangu," akajibu shofere, "nikienda hivyo nitakufikisha kilometa tano. Zile kumi na tano tutambeba mama kwa machela."

Wengine wetu tulikwisha kushika bidoni ili tukachote maji ya kuongeza. Shofere akatuonyesha chupa ya pembeni: maji yalikuwamo, hayakupungua. Akaingiza kidole nyuma ya wavu wa mbele, akatoa donge la mbegu za nyasi, nene kama blanketi. Tukangoja injini ipoe. Wanawake wakamfanyia mama kivuli kwa vitenge vyao. Tukazitoa mbegu kwa vidole na kwa kijiti laini, na joto liliposhuka tukamwaga maji ya kijito polepole kutoka upande wa injini kwenda mbele. Tulikaa pale karibu saa nzima, na mshale haukupanda tena mpaka mjini. Mtoto alizaliwa usiku ule, yeye na mama yake wazima. Baadaye baba yule alituambia kwamba saa ile moja ilimwia ndefu kuliko zile siku mbili zilizotangulia. Tunamsadiki kabisa.

Mtu asidhani kwamba shida hii ni ya magari makuukuu tu. Motokari za mbio nazo zinayo, tena zaidi: injini yao ni kali, imebanwa mahali padogo, na pua yao iko karibu na ardhi. Zikienda kasi upepo huzitosha; zikienda polepole zategemea feni tu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua na matope vikiwangoja madereva. Datsun 240Z, motokari ya mbio kweli kweli, ilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Lakini katika njia za namna hiyo nguvu peke yake haifai kitu, kwa kuwa tope likiziba radiatere, gari la bei kubwa husimama sawa na kamyo ya muhogo. Hata Volkswagen za zamani, zisizo na maji kabisa, zilipozwa kwa upepo, nazo ziliharibika njia ya upepo ilipozibwa.

Basi, afanyeje mwenye gari? Injini ikiwa baridi, aondoe takataka kwa mkono na brashi laini. Amwage maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Bomba la nguvu nyingi hukunja mapezi na kuziba njia kabisa. Kwa ndani, ayatoe maji ya zamani, asuuze mpaka yatoke meupe, kisha atie maji safi yaliyochanganywa nusu kwa nusu na dawa ya radiatere. Hata huku kusiko na barafu dawa hiyo yafaa, kwa kuwa huzuia kutu na kukawiza kuchemka. Maji ya shimoni huacha chokaa na tope katika vijibomba. Lakini dawa ile ni sumu, na ladha yake ni tamu: isimwagwe ovyo penye watoto na mbwa, wala katika kijito.

Tena, baadhi ya mafundi huitupa termostati wakisema kwamba injini itapoa vizuri. Hiyo si tiba. Injini isiyopata joto lake hula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Wala asimwagie maji ya baridi injini yenye moto, chuma kitapasuka.

Mshale ukipanda njiani, zima kiyoyozi, fungua joto la ndani ya gari hata kama utatoka jasho, tafuta kivuli na usimame. Usipoona maji yamepungua, usikimbilie bidoni. Tazama kwanza kama mashini yapata kupumua. Na ukiwa umebeba mgonjwa, ndipo uzidi kusimama upesi. Kuosha radiatere kila baada ya safari ya majani marefu ni kazi ya nusu saa na ndoo mbili za maji. Heri kuifanya nyumbani jioni, gari likiwa limepoa na hakuna anayelia nyuma yako.